Programu ya C inampa kila mtu A, hata mwenye maksi 20. Kosa liko wapi?

Dogo_wa_Pasua (Moshi)

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi. Niko kwenye opereta na masharti katika C. Zoezi ni kupanga madaraja ya kidato cha nne: A 75–100, B 65–74, C 45–64, D 30–44, F 0–29. Inakompaili bila kelele yoyote, lakini nikiingiza maksi yoyote ile jibu ni A.

```
int maksi;
scanf("%d", &maksi);
if (75 <= maksi <= 100)
    printf("A\n");
else if (65 <= maksi <= 74)
    printf("B\n");
```

(C, D na F zinaendelea hivyo hivyo.)

La pili ni wastani. Jumla ya masomo 7 ni 524, kikokotoo cha simu kinasema 74.857, programu inasema 74.000000:

```
int jumla = 524;
float wastani = jumla / 7;
printf("%f\n", wastani);
```

Natumia Code::Blocks (programu ya kuandikia na kukompaili C) kwenye Windows.

---

Fundi_Sakina (Arusha)

Marahaba dogo. Mchawi wako ni `75 <= maksi <= 100`. Kwenye daftari la hisabati hiyo ni sahihi kabisa, ila C inaisoma vipande viwili kuanzia kushoto. Chukua 20. Kwanza `75 <= 20`: si kweli, na kwa C "si kweli" ni namba 0. Kisha inauliza `0 <= 100`. Kweli! Chukua 90: `75 <= 90` ni kweli, yaani 1, halafu `1 <= 100`, kweli tena. Upande wa kushoto hautoki nje ya 0 na 1, kwa hiyo swali la mwisho halina namna ya kukataa. Jaribu -400, nayo itakupa A.

Ukitaka mpaka wa chini na wa juu, andika maswali mawili kamili na uyaunge kwa `&&`:

```
if (maksi >= 75 && maksi <= 100)
```

Ila kwa zoezi hili mimi nisingeandika hivyo kila daraja. Ondoa maksi za uongo mwanzoni, kisha shuka ngazi:

```
if (maksi < 0 || maksi > 100)
    printf("Maksi si sahihi\n");
else if (maksi >= 75)
    printf("A\n");
else if (maksi >= 65)
    printf("B\n");
else if (maksi >= 45)
    printf("C\n");
else if (maksi >= 30)
    printf("D\n");
else
    printf("F\n");
```

Kwenye B huhitaji kusema `<= 74`, kwa sababu aliyefika hapo ameshakataliwa na mstari wa A. Mipaka ikiandikwa mara moja tu huwezi kuacha pengo kati ya daraja na daraja. Lakini ngazi hii inategemea mpangilio. Ukianza na `maksi >= 30`, mwenye 90 anaishia na D na hafiki juu kamwe. Na ukifuta neno `else` ukabakiza `if` tupu, mwenye 90 anachapiwa A, B, C na D, zote nne.

Kingine, ingia Settings, kisha Compiler, weka tiki kwenye `-Wall` na `-Wextra`, swichi za kuwasha maonyo. Kompaila yenyewe, gcc, ingekuonya kuhusu mstari ule ule kwamba ulinganisho wa namna hiyo hauna maana yake ya kihisabati. Kujifunza C ukiwa umezima maonyo ni kujitafutia taabu bure.

---

Mama_Kahawa (Moshi)

Nichukue la wastani. `jumla` ni `int` na 7 ni `int`, basi mgao unafanyika kwa namba kamili na desimali zinatupwa pale pale. Ndipo 74 inapowekwa kwenye `float`. Chombo ni kikubwa, ila maziwa yalishamwagika kabla hayajafika. Geuza upande mmoja kabla ya kugawanya:

```
double wastani = (double)jumla / 7;
```

au andika `jumla / 7.0`. Usiandike `(double)(jumla / 7)`, hapo mabano yanagawanya kwanza na unarudi kwenye 74.

Sasa angalia mtego unaofuata. Ukichapa kwa `%.0f` (bila desimali), skrini inaonyesha 75, kwa sababu `printf` inakadiria. Ila `wastani >= 75` inaangalia 74.857, nayo si kweli. Mwanafunzi anaona "75 B" na anakuja kulalamika, na ana haki. Amua kama unakadiria au hukadirii, na ukikadiria fanya kabla ya sharti. Kwa namba kamili zisizo hasi, `(jumla + 3) / 7` inatosha: 527 kugawanya kwa 7 ni 75 na baki, unapata 75.

---

Kibo5895 (Moshi)

Ngazi ndefu ya nini wakuu? `switch (maksi / 10)`: case 10, 9, 8 na 7 ni A, 6 ni B, mchezo umeisha.

---

Fundi_Sakina (Arusha)

Kibo, umempa A mwenye 71. `71 / 10` ni 7, na `79 / 10` pia ni 7, ilhali mpaka wa A uko katikati yao. Kumi inafaa pale mipaka yote inapoishia na sifuri.

Ila wazo lako halijafa. Mipaka ya hapa ni 75, 65, 45 na 30, zote zinagawanyika kwa 5. Kwa hiyo `switch (maksi / 5)` inakubali: 15 hadi 20 ni A, 13 na 14 ni B, 9 hadi 12 ni C, 6 hadi 8 ni D, iliyobaki `default`, F. Mambo mawili. Kila kundi lifungwe kwa `break`, la sivyo utekelezaji unateremka kwenye case inayofuata. Pili, chuja namba hasi kabla, maana mgao wa C unakata kuelekea sifuri: `-3 / 5` ni 0, na `default` itampa F mtu ambaye maksi zake zilichapwa vibaya. Hata 500 inaangukia humo humo. Mimi bado nachagua ngazi ya `else if`: siku mpaka wa B ukihamia 68, `switch` yote unaitupa.

---

Dogo_wa_Pasua (Moshi)

Shukrani sana Fundi, na Mama shikamoo. Imekubali. Nimeweka `for` ya kusoma masomo yote 7. Ila nikiandika 74.5 kwenye somo la pili, masomo yaliyofuata yote yanarudia 74 bila kunisubiri niandike.

---

Mama_Kahawa (Moshi)

Marahaba. `%d` inasoma 74, inafika kwenye nukta, inasimama. Ile `.5` inabaki mlangoni. `scanf` inayofuata inakuta nukta, inashindwa, haigusi `maksi`, hivyo thamani ya zamani inabaki. Inayofuata nayo inakuta nukta ile ile. `scanf` hukurudishia idadi ya vitu ilivyofanikiwa kusoma, tumia hiyo:

```
if (scanf("%d", &maksi) != 1) {
    printf("Andika namba kamili\n");
    return 1;
}
```

Hii inakulinda pia na mtu anayeandika "sabini". Kwa sasa kutoka kwenye programu kunatosha, kusafisha yaliyobaki ni somo la baadaye.

Ukishamaliza hapo, zoezi linalofuata: divisheni. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Jumlisha masomo 7. Pointi 7–17 ni Divisheni I, 18–21 II, 22–25 III, 26–33 IV, 34–35 ziro. Usiweke maksi 50 na 80 tu ukaridhika. Jaribu kingo za pointi: 17 na 18, 21 na 22, 25 na 26, 33 na 34. Wanaoanza wakikosea, mara nyingi ni pale walipoandika `<` mahali pa `<=`. Mwenye D mbili na F tano ana 8 + 25 = 33, amepata IV. Mwenye D moja na F sita ana 34, ziro.

---

Kibo5895 (Moshi)

Naongeza moja nijisafishe 😄. Kujumlisha pointi ni `pointi += 5`. Ukiteleza ukaandika `pointi =+ 5`, C haikatai: inaelewa "weka chanya 5". Mwisho wa masomo 7 unabaki na pointi za somo la mwisho peke yake. Likiwa F, jumla ni 5, na kama sharti lako ni `pointi <= 17` bila kuzuia chini ya 7, umempa Divisheni I mtu aliyefeli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kule maabara ya Bell Labs ilikozaliwa, C iliandikwa `=+` kweli. Ikageuzwa baadaye kwa sababu `x=-1` ilikuwa haieleweki kama ni kupunguza moja au kuweka hasi moja.

---

Fundi_Sakina (Arusha)

Hapo Kibo umelipa deni. Dogo, na usiweke nukta mkato baada ya mabano ya `if`. `if (pointi <= 17);` ni sharti lenye mwili mtupu, na `printf` iliyo chini yake inachapwa kwa kila mtu. Ikiwa na `else`, kompaila inakataa kwa kusema `else` haina `if` yake, na hapo una bahati. Isipokuwa na `else`, inapita kimya; `-Wextra` ndiyo itakayokustua.

---

Dogo_wa_Pasua (Moshi)

Nimejaribu kingo zote. 33 ilinipa ziro, nilikuwa nimeandika `pointi < 33`. Nimebadili ikawa `<=`, sasa 33 ni IV na 34 ni ziro.