Kanisa la Mai Mahiu: Waitaliano walifuata nini huku?

Dereva_wa_Usiku: Wadau, hamjambo. Juzi injini ilipandisha joto kwenye ile barabara ya zamani ya kushuka Mai Mahiu, nikaegesha lori karibu na kile kikanisa cha mawe kungoja lipoe. Utingo wangu akaapa kwamba kanisa na barabara ni kazi ya Waitaliano. Kenya si ilikuwa ya Mwingereza? Waliingilia wapi?

Babu_Nyeri: Utingo hajakudanganya, kijana wangu. Walikuwa mateka wa vita. Italia iliiteka Ethiopia 1936. Mwingereza akaja kuwatimua 1941, ngome yao ya Amba Alagi ikasalimu amri Mei, ya Gondar Novemba. Maelfu wakaletwa kambi za huku: Nanyuki, Gilgil, Naivasha, Londiani. Mafundi walitolewa kujenga barabara, na kanisa wakalijenga 1942. Mkubwa wao, Amedeo wa Aosta, alifia Nairobi Machi mwaka huohuo, kifua kikuu na malaria. Kaburi lake liko kwetu Nyeri, kanisani.

Mama_Sirimon: Shikamoo Babu. Umewasahau wale watoro wa Nanyuki! Kambi namba 354, Januari 1943. Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka wakapande Mlima Kenya, basi. Kamba walisokota kwa katani za vitanda, vyuma vya kukanyagia barafu wakaunda kwa vyuma chakavu, na kwa ramani walikuwa na picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Wawili wakafika kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya Italia, kisha wakarudi kambini kwa miguu yao! Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, mkuu wa kambi akazipunguza hadi 7 kwa kuvutiwa na ushujaa wao.

Dereva_wa_Usiku: Mama, mtu anatoroka jela halafu anarudi?

Mama_Sirimon: Angekwenda wapi? Nchi yote ya Mwingereza, na rangi yake inaonekana maili mbili.

Babu_Nyeri: Marahaba, binti yangu. Hadithi tamu, lakini mimi sipendi jinsi inavyosimuliwa, kama walikuwa watalii. Jeshi lao liliwamwagia Wahabeshi gesi ya sumu kutoka angani. Na fikiria Mwafrika aliyetoroka kambi ya Mwingereza miaka kumi baadaye, wakati wa Mau Mau. Yeye angepewa siku 7?

Dereva_wa_Usiku: Babu, hapo umenibana.