Binti yetu amezaliwa bila kiganja cha kushoto

Swali: Mama yake anajiuliza usiku kucha alikosea wapi. Je, mtoto anahitaji kiungo bandia sasa?

Jibu: Hongereni sana kwa mtoto. Mikono huumbika kati ya wiki ya 4 na ya 8 ya ujauzito, na mara nyingi chanzo cha hali hii hakijulikani. Tafadhali, mama asijilaumu hata kidogo.

Jibu: Wataalamu wengi husubiri mtoto aweze kukaa, yapata miezi 6, na wapo watoto wanaokua vizuri bila kiungo bandia. Msiufunike mkono huo, kwa sababu ngozi yake ndiyo inayomfundisha kugusa.

Jibu: Muulizeni daktari kuhusu moyo na figo, kwani baadhi ya kasoro za mkono huambatana na matatizo ya viungo hivyo.