Majirani Mwembeni: ukuta wa Mama Naima

Mama Naima: Majirani habari za asubuhi. (picha) Angalieni ukuta wangu wa sebuleni. Nilipaka rangi kwa ajili ya Idi, haijatimiza hata mwezi, inabanduka kama ngozi ya kenge.

Dada Tausi: Weee! Pole jirani. Paka ya mafuta, ile haipitishi maji.

Fundi Shaha: Dada Tausi usimponze mwenzio. Ukuta ukiwa na maji, rangi ya mafuta inayafungia ndani. Yatatafuta pa kutokea, yatakutokea chumbani.

Dada Tausi: Haya fundi, sisi tulikuwa tunachangia tu 🙄

Mzee wa Kona: Mama Naima, huo unyevu umeanzia juu ukashuka, au chini ukapanda?

Mama Naima: Shikamoo mzee. Chini. Unanifika kiunoni, juu pakavu kabisa. Halafu kuna unga mweupe kama chumvi.

Mzee wa Kona: Marahaba. Basi bati lako halina kosa. Hayo ni maji ya ardhini, tofali linayanyonya kama utambi wa kibatari. Na huo unga ni chumvi kweli, maji yakikauka yanaiacha hapo.

Fundi Shaha: Mulemule mzee. Mama Naima, wakati wa kujenga iliwekwa nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi kabla ya kupandisha tofali?

Mama Naima: Nitajuaje fundi? Alijenga marehemu baba Naima, mimi nilikuwa nawapikia mafundi ugali tu.

Fundi Shaha: Sawa. Toka nje uangalie udongo umefika wapi ukilinganisha na sakafu ya ndani.

Mama Naima: (picha) Tulikuwa tunapanda ngazi 3 kuingia. Imebaki 1.

Fundi Shaha: Ndiyo hapo sasa. Hata kama nailoni ipo, udongo umeshaipita kwa juu. Maji yanaingilia juu yake, yenyewe imelala tu huko chini.

Mama Naima: Sisemi kwa ubaya, ila huo udongo haukuja na miguu yake. Tangu upande wa pili pamwagwe kifusi…

Baba Kelvini: Upande wa pili ni mimi mama, nitaje tu.

Mama Naima: Sijamtaja mtu.

Mjumbe: Jamani taratibu.

Baba Kelvini: Nilimwaga tripu 6 kwa sababu barabara ilipoinuliwa maji yote yalikuja kwangu. Mlikuwa mnaniona natoa maji kwa ndoo saa 9 usiku. Mlitaka nilale na vyura?

Mzee wa Kona: Mwanangu hakuna anayekulaumu kwa kifusi. Mtaa mzima unainuka, aliyebaki chini ndiye bwawa. Mwaka huu ni Mama Naima.

Fundi Shaha: Kifusi ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine iko juu. Baba Kelvini, nyumba yako ina paa la kuficha, bati limezungukwa na ukuta, na mabomba mawili yanatemea uchochoroni. Piga hesabu: mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50, ni lita 5,000. Zote zinamwagika chini ya ukuta wa Mama Naima.

Mama Naima: Lita elfu tano!! Na mimi nanunua maji kwa dumu.

Baba Kelvini: Hilo paa lenyewe linanitesa fundi. Jipsamu chumba cha watoto imechora ramani ya Afrika.

Fundi Shaha: Mabomba ni ya inchi 2, majani ya mwembe wa mzee yanaziba. Maji yanajaa ule mfereji wa juu hadi yanapita chini ya bati. Weka bomba la inchi 4. Halafu toboa tundu la akiba kwenye ukuta wa paa, chini ya usawa wa ukingo wa bati. Mfereji ukiziba maji yatoke nje, yasiingie ndani. Aliyekujengea angekuwekea tangu mwanzo.

Mzee wa Kona: Mwembe wangu nao umekosa nini?

Dada Tausi: Embe tunakula, majani tunashtaki 😂

Mama Kelvini: Fundi, matone yanadondoka karibu na taa. Baba Kelvini hajasema hilo.

Fundi Shaha: Hapo hakuna mchezo. Taa isiwashwe. Zimeni mein swichi mkiwa mmesimama pakavu, na asiguse mtu hadi fundi umeme apite.

Mama Kelvini: Tumezima.

Baba Kelvini: Na maji ya paa nikiyaelekeza kwenye chemba ya choo?

Mjumbe: Thubutu! Mashimo yanajaa, halafu watu wanatapisha vyoo mtaani mvua ikinyesha. Sitaki kuwataja.

Fundi Shaha: Bomba lianzie juu, lishuke hadi kwenye tangi la Mama Naima, linalozidi liende mtaro wa barabarani. Uchochoro uchimbwe, udongo ushuke sentimita 15 chini ya sakafu, mtaro uwe na mteremko wa sentimita 1 kila mita. Plasta iliyooza ikwanguliwe. Rangi usiiguse hadi ukuta ukauke, na kwa mvua hizi labda Julai.

Mama Naima: Julai! Na wageni wa posa ya Naima wanakuja mwezi wa tano.

Dada Tausi: POSA?? Na ulikuwa umekaa kimya!

Mzee wa Kona: Sogeza kabati hapo, waangalie binti wasiangalie ukuta.

Fundi Shaha: Kabati liachane na ukuta kidogo mzee, hewa ipite. Litaota ukungu.

Baba Kelvini: Mama Naima, bomba nanunua mimi. Uchochoro tuchimbe wote Jumapili. Kelvini na wenzake wapo.

Mama Naima: Asante baba. Chakula kwangu.

Dada Tausi: Fundi na mimi nina swali. Bili yangu imepanda, na ukutani hakuna unyevu popote.

Fundi Shaha: Funga koki zote ndani, nenda kaitazame mita.

Dada Tausi: Nimefunga zote. Inazunguka.

Fundi Shaha: Na ya choo?

Dada Tausi: Choo nacho kina koki?