Umelipwa usome muswada, basi usome! Wahariri washauri mnatuumiza waandishi

Wakuu habari zenu. Mods naomba huu uzi msiuhamishe, waandishi wengi wanapita hapa.

Nina riwaya nimeandika kwa Kiingereza, ya binti wa Bahi kipindi cha njaa, na nataka niitume kwa mawakala wa London, yaani wale wanaomtafutia mwandishi mchapishaji. Wengi kule wanataka barua ya kujitambulisha, muhtasari wa kurasa moja au mbili na sura tatu za mwanzo, basi. Na akishakukataa usitegemee atafungua tena muswada ule ule, ndo maana mtu unatafuta jicho la mtaalamu kabla hujatuma.

Nikapata jamaa hapa hapa Dodoma anajitangaza mhariri mshauri, yaani unamlipa asome kazi yako akuambie pa kurekebisha, nikampa barua, muhtasari na zile sura tatu, nikalipa yote mwanzoni. Simu hapokei, meseji anasoma anakaa kimya, halafu siku ya siku inakuja karatasi moja: kazi nzuri, lugha iboreshwe, mhusika mkuu apewe uhai, mazungumzo ya wapenzi yaongezwe. Wapenzi gani?? Kwenye zile sura tatu binti ana miaka tisa, yuko na bibi yake wanachuma mlenda porini!

Nikampelekea mwenzangu wa Area C ambaye naye alishamlipa huyo huyo, yeye kaandika hadithi za watoto wa chekechea, akatoa karatasi yake tukaziweka pamoja. Maneno yale yale, mpaka nukta. Na hao wapenzi wamo.

Kilichoniuma zaidi ni muhtasari. Kaniambia nifiche mwisho ili wakala abaki na hamu. Jamani, muhtasari wa wakala unaeleza hadithi yote mpaka mwisho, nani anakufa nani anapona, maana anataka kuona kama hadithi inasimama, maneno ya kumtia hamu msomaji ni yale ya nyuma ya jalada la kitabu. Mtu anayeuza ushauri hajui hata hilo, ningemfuata ningeharibu nafasi yangu.

Halafu eti niongeze hela anitafutie wakala! Wadau shikeni hili, wakala halipwi kukusoma, mawakala makini wa Uingereza na Marekani hawafanyi hivyo. Anakula kamisheni kitabu kikishauzwa kwa mchapishaji, kawaida asilimia 15, kikiuzwa kwa wachapishaji wa nchi nyingine mara nyingi 20. Mhariri kulipwa kabla sina shida nako, ni kazi, ila nionyeshe ukurasa gani umechoka, wapi umepotea, barua yangu inachelewa wapi kusema kitabu kinahusu nini. Hata ukiniambia sura ya kwanza yote nitupe nitakushukuru, maana nitajua umesoma.

Hela yangu naitaka, au asome upya. Na kama kuna mtu wa hapa, Singida, Manyoni, Kondoa, popote, kapewa karatasi yenye hao wapenzi aiweke hapa chini tuzilinganishe, tumfuate pamoja.