Naomba ushauri: debe la bati la kumwagilia linavuja kwenye maungio

Habari zenu wadau wa bustani. Nina debe la zamani la kumwagilia, la chuma kilichopakwa zinki, lenye mrija mrefu na kichwa cha matundu cha shaba ya njano kinachotazama juu. Alama ya fundi imefutika, lakini umbo ni lile la Kiingereza lililotokana na John Haws, aliyepata hataza (haki ya mvumbuzi) yake mwaka 1886. Mnajua uzuri wake: hata likijaa linakaa sawa mkononi, na maji yanapanda kwanza kisha yanashuka kama manyunyu, mche mchanga haulali. La plastiki sijaliona likifanya hivyo.

Sasa linavuja pale mrija unapokutana na tumbo, na chini ndani kutu imeanza.

Fundi mmoja anataka kulichomelea kwa umeme. Nasita, maana zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 tu. Joto la kuchomelea litaiunguza pale kwenye maungio, na moshi wake ni sumu. Mimi naelekea kwenye lehemu ya bati, inayoyeyuka kwenye joto la chini zaidi. Isiyo na risasi, ile metali yenye sumu, kwa sababu namwagilia mboga.

Aliyewahi kulehemu debe kuukuu anisaidie: ulisafishaje maungio hadi lehemu ikashika? Na ndani nipake rangi ya zinki, au niikwangue kutu tu na kuliacha likauke kila baada ya kazi? Sitaki kulifanya pambo la ukutani. Nataka liendelee kumwagilia.