Rozela, chai ya kijani, tangawizi au kitunguu saumu: kipi kinashusha presha kweli?

BintiMkubwa
Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana presha ya kupanda. Anatumia amlodipine miligramu 5 kila asubuhi, lakini mashine ya nyumbani bado inasoma 145 hadi 150 juu na 90 hivi chini. Kila anayekuja kumjulia hali anakuja na majani yake. Kabatini sasa kuna rozela kavu, chai ya kijani, tangawizi ya unga, na boksi limeandikwa "chai ya presha", mchanganyiko wa mitishamba 11. Kuna pia anayemwambia achemshe kitunguu saumu. Akinywa vyote atashinda chooni. Nyie mngechagua kipi, na kwa nini?

Kikombe3
Rozela, wala sisiti. Wengine huiita choya. Kwenye orodha yako ndiyo iliyopimwa vizuri zaidi ikiwa chai, si kidonge. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani. Watu 65 ambao presha yao imepanda kidogo au inaanza kupanda, na hawatumii dawa yoyote ya presha, waligawanywa makundi mawili. Wa kwanza walikunywa rozela vikombe 3 kwa siku, mililita 240 kila kimoja, kwa wiki 6. Wa pili walipewa kinywaji kinachofanana nayo kwa rangi na ladha. Namba ya juu ikashuka kwa wastani wa 7.2 kwa wanywa rozela, na 1.3 kwa wale wengine. Waliokuwa na presha ya juu zaidi ndio walioshuka zaidi.

Ila usiitie sukari. Najua ni chachu, inakunja uso, lakini vijiko 3 kwa kikombe mara vikombe 3 ni vijiko 9 kwa siku, hapo umemhamisha mama kutoka tatizo moja kwenda jingine.

Saa_Kumi_Alfajiri
Mimi ni wa chai ya kijani miaka mingi, na nitakuwa mkweli: kwa presha ni dhaifu. Tafiti nyingi zikijumlishwa, namba ya juu hushuka kama 2 tu, pengine hata chini ya hapo. Na ina kafeini, kwa hiyo ukipima mara tu baada ya kunywa unaweza kukuta presha imepanda kidogo. Naipenda kwa ladha yake, basi.

MzeeWaMizizi
Nyie mnadharau kitunguu saumu. Wazee wetu walikitumia kabla ya hizo mashine.

Nyuki_Mkali
Shikamoo mzee wangu, lakini hapa nitakupinga, maana yalinikuta mwenyewe. Niliacha vidonge nikashika kitunguu saumu cha kuchemsha, asubuhi na jioni, miezi minne. Nilijiona mzima kabisa. Siku ya kwenda kupima ikasoma 182. Kichwa hakiniumi, macho yanaona, ndiyo maana nilikuwa najidanganya. Presha haina kelele.

MzeeWaMizizi
Marahaba. Pole mwanangu. Mimi sikusema uache vidonge.

Dozi_Kamili (nafanya kazi famasi)
Mzee ana hoja, ila kuna jambo moja. Tafiti zilizoonyesha kitunguu saumu kinashusha presha zilitumia zaidi vidonge vya unga au vya dondoo yake. Ukikitumbukiza kizima kwenye maji yanayochemka, joto linaua kimeng'enya kinachotengeneza ile kemikali yenye harufu kali, alisini. Ndiyo maana wanaojua hukiponda kwanza, wakakiacha dakika kadhaa. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu kama warfarin asikizidishe, anaweza kutokwa damu kirahisi. Tangawizi sina ugomvi nayo kama kiungo, lakini ushahidi wake kwa presha ni wa kuokoteza.

Kinachonitia hofu ni lile boksi la mitishamba 11. Dada, soma maandishi madogo uone kama kuna urukususu, ule mzizi mtamu (licorice). Huwekwa kwenye chai nyingi za mchanganyiko kwa sababu ya utamu wake. Una kitu kinaitwa glisirizini, ambacho huzifanya figo zing'ang'anie chumvi na maji huku zikimwaga potasiamu. Matokeo yake presha inapanda, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Yaani mtu anakunywa "chai ya presha" inayompandishia presha.

Rozela nayo si maji matupu. Inakojosha na inashusha, kwa hiyo mtu aliye kwenye vidonge vya kukojosha amwambie daktari wake kabla. Mjamzito aiache. Na anayetumia nadolol, dawa nyingine ya presha, ajue chai ya kijani inapunguza sana dawa hiyo kuingia mwilini.

Upepo
Samahani, rozela ndiyo lile ua jekundu la kupamba bustani? Ninalo uani limejaa.

Kikombe3
Hapana, ni ndugu tu. La bustani ni jingine. Kwenye rozela hatuchemshi hata petali. Tunachukua yale maganda manene mekundu yanayobaki yakifunika tunda baada ya ua kudondoka.

BintiMkubwa
Nimetoka kabatini. Urukususu upo, wa pili kwenye orodha! Mama amekuwa akinywa hiyo chai vikombe viwili kila siku, wiki ya tatu sasa. Nimeitoa.

Dozi_Kamili
Vizuri. Wiki ijayo usimwongezee chai yoyote, mpime tu, maana athari ya urukususu haiishi siku moja. Asubuhi na jioni, akiwa amekaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu haijapishanishwa, mkono usawa wa moyo, ametoka kukojoa, na nusu saa bila chai wala kahawa. Andika zote na uende nazo kwa daktari pamoja na hilo boksi, umwambie pia aangalie potasiamu. Vidonge aendelee navyo vilevile. Rozela muulize hapohapo.

BintiMkubwa
Asante sana. Nimeanza leo jioni: 146/91. Mama anauliza kama mgeni aliyeleta boksi atarudishiwa.

MzeeWaMizizi
Arudishiwe.