Kaunti zetu ni sawa na majimbo ya Kanada?

kijana_majengo: Jamani jana barazani tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mzee mmoja ati kaunti zetu 47 ni kama majimbo ya Kanada, jina tu ndo tofauti. Ni kweli? Alafu kule kwani hawapigi kura ya kiongozi wa nchi?

mamaK: Wapi! Kule majimbo 10, kila moja na bunge lake na waziri mkuu wake, hospitali na shule ni zao, kodi ya mapato wanatoza, na mafuta yalio ardhini ni ya jimbo ndo maana Alberta wana jeuri vile. Huku twangoja mgao wa Nairobi, katiba ya 2010 yasema usipungue asilimia 15 ya mapato, sasa ukichelewa ndo balaa, dadangu nesi wa kaunti, miezi miwili bila mshahara akikopa unga dukani.

likoni_kwetu: Kura wapiga ya mbunge tu. Chama chenye wabunge wa kutosha ndo chatoa waziri mkuu wa nchi, bunge likikosa imani serikali yaanguka. Harper, waziri mkuu wao wakati huo, aliangushwa Machi 2011, Mei akarudi na viti vingi zaidi 😂 siasa bwana

babu_wa_kibokoni: Msimcheke mzee. 1963 sisi pia tulikua na majimbo, na waziri mkuu, Pwani jimbo lake. Desemba 1964 ikawa jamhuri, mambo yote yakaenda kwa rais.

kijana_majengo: Kumbe ndo alikua akikumbuka hayo! Leo kahawa juu yangu basi